Kumjengea Baba Garimoshi

Baba alikaa kwangu Tunduma miezi miwili bila kusema neno zaidi ya salamu. Ndugu zangu walimteremsha kutoka shamba la kahawa kule Mbozi, macho yote mawili yakiwa yameshapotea, wakasema zamu yangu imefika. Sikubishana. Nilimwekea kiti kwenye karakana, ambayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kwa sababu mke wangu hakutaka kushinda naye uani.

"Bora kukaa na jiwe," alisema. "Jiwe huliandalii uji."

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza stovu za mafuta ya taa, zile za shaba za kupampu, na taa za karabai, na kufuli zilizokwama. Miaka hiyo ya tisini biashara ilikuwa imefunguliwa, mpakani vitu vipya vinapita usiku na mchana, na watu waliona afadhali wanunue jiko la Kichina la utambi kuliko kuniletea la zamani nilitibu. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi. Tulikaa wawili, mimi na baba, kila mmoja na kimya chake, na sitasema kilinisumbua. Nilikuwa nimekizoea tangu utotoni, tofauti ni kwamba sasa kilikuwa na mwili na kinakunywa chai.

Asubuhi moja nilikuwa najaribu stovu ya mama mmoja wa sokoni. Nikapampu, nikawasha, moto ukaanza kunguruma. Baba akainua uso.

"Hewa imezidi," akasema. "Punguza."

Nikalegeza skrubu kidogo. Mngurumo ukashuka.

"Bado. Haya. Hapo hapo, acha."

Niliinama kutazama. Moto ulikuwa wa buluu safi, umekaa sawasawa pande zote. Nimefanya kazi ile miaka kumi na minane, na nilikuwa sijawahi kuuweka vizuri kiasi kile kwa jaribio moja. Nikamuuliza amejuaje. Basi akafungua mdomo, na hakuufunga mpaka mke wangu alipokuja kutuita chakula.

Hapa sina budi kueleza. Baba aliondoka nyumbani nikiwa sijaanza shule. Alikwenda Tabora, kwenye reli ya kati, akawa kibarua wa kusafisha vichwa vya treni, kisha akawa faimani, yaani mtu wa kutunza moto na maji ndani ya kichwa cha mvuke. Hivyo vya kwao havikuchoma kuni wala makaa; vilichoma mafuta mazito meusi, na kazi ya faimani ilikuwa kushika vali ya mafuta mkono mmoja na ya maji mkono mwingine, masikio yakiwa motoni. Alibaki kwenye kazi hiyo mpaka vichwa vya mvuke vilipoondolewa njiani. Nyumbani alikuja kila baada ya miaka miwili, mara nyingine mitatu. Alikaa wiki mbili, akaondoka. Tulikuwa watoto watano. Mama alilima kahawa, akaichuma, akaibeba kichwani mpaka chama cha ushirika, akatusomesha wote. Baba aliporudi moja kwa moja, mimi nilikuwa na mke na karakana. Mama naye akafa mwaka uliofuata. Sikulia msibani, na baba hakulia, na nilisikia wanawake jikoni wakisema kwamba mtoto amemfuata baba yake.

Kwa mtu huyu nilikuwa na swali moja tu. Ni swali la kitoto, naona aibu kuliandika nikiwa na mvi: nilitaka kujua kama huko alikokuwa alikuwa anatukumbuka. Sikutaka aombe radhi. Nilitaka tu kujua. Lakini kwetu Mbozi mtoto hamwulizi baba jambo la namna hiyo, hata kama mtoto mwenyewe ana wajukuu. Unasubiri aseme. Na mimi nilikuwa nimesubiri mpaka kusubiri kwenyewe kukawa tabia.

Baada ya asubuhi ile nikaona njia. Kesho yake nikamwambia nataka kumjengea kichwa chake cha treni, kile kile alichofanyia kazi, lakini kidogo, chenye moto wa kweli na kinachotembea kwa mvuke wake chenyewe. Yeye anielekeze, mimi nitafanya. Nikamwambia ni zawadi. Ulikuwa mtego. Niliamini kila kifaa kitatoka na hadithi yake, na katika hadithi mojawapo tutajitokeza sisi, walau kwa bahati mbaya.

Mchoro hatukuwa nao. Mchoro wetu ulikuwa kichwa cha mzee.

Tulianza na boila. Bomba la shaba nyekundu nililipata kwa Mzambia mmoja aliyekuwa anavusha vyuma chakavu kutoka Nakonde. "Mukuba huu, mudala," aliniambia kwa lugha ya kwao, yaani shaba hii, mzee, akiligonga kwa kucha, "si bati la kopo." Lilikuwa na upana wa sentimita sita na kitu. Baba akanipa upana wa boila ya kweli kwa kufungua mikono, mimi nikapima mikono yake kwa futi, tukagawanya, tukaona kichwa chetu kitakuwa sehemu moja ya ishirini. Pamoja na tenda, behewa lile dogo la nyuma la kubebea maji na mafuta, kingefika karibu mita nzima. Mke wangu alipoona kipimo hicho nimekichora kwa chaki sakafuni, aliuliza kama nacho kitakuwa kinakunywa uji.

Mabomba madogo ya ndani ya boila, yale ya kupitishia moto katikati ya maji, nilitumia mirija ya friji mbovu, na fundi friji akanipa vijiti vyake vya kuchomelea, kwa sababu risasi ya kawaida ya kulehemu ingeyeyuka kwa joto. Silinda nilizitoa kwenye pampu za zamani za baiskeli. Magurudumu niliyasubu mwenyewe kwenye mchanga, nikiyeyusha koki za maji na kufuli zilizokwisha, kisha nikayakereza kwa mashine niliyoiunda kwenye miguu ya cherehani iliyokufa: unakanyaga, chuma kinazunguka, unashika patasi na kuomba Mungu. Ribiti za ubavuni zilikuwa vichwa vya visumari vya fundi viatu. Nilivikata kimoja kimoja, nikavigandisha kimoja kimoja. Baba alikuwa anapitisha kidole kwenye mstari na kusema, "Hapa umeruka moja." Na kweli nilikuwa nimeruka.

Upande wa nyuma, pale anaposimama faimani, aliujua kama anavyojua meno yake. Alinieleza kila vali, kila koki, kioo cha kuonyesha maji, alama ya kuungua kwenye mpini wa kulia. Nikimuuliza habari za mbele, dohani ilikuwa na ukingo wa aina gani, taa ilikaa wapi, alisema tu, "Mbele sikuwa na kazi nako." Miaka ishirini na zaidi kwenye chombo kile na sura yake alikuwa haijui vizuri. Mbele nilibuni.

Hadithi zilikuja, hilo silalamiki. Mlango wa tanuru ulileta hadithi ya dereva aliyekuwa anachoma mahindi kwenye koleo. Vali ya maji ilileta ya siku maji yalipowaishia porini, wakachota kwenye dimbwi la ng'ombe kwa ndoo, na Wasukuma wenye ng'ombe wao wakawasaidia huku wanawacheka. Honi ilileta ya mwanamke wa kituo kimoja aliyekuwa akiisikia anaanza kusonga ugali, ukiiva treni imesimama. Nilimsikiliza huku nakata chuma na kupiga tupa. Kila hadithi ilipokwisha nilijua bila kutafuta kwamba hatumo. Nilikuwa naweka kifaa pembeni na kuanza kingine. Ningesema niliumia, lakini sikuumia. Ilikuwa ni kama kuangalia ndani ya sanduku la barua ambalo unajua halina kitu, ukalifunga, ukaenda zako.

Mwaka wa kwanza ukapita, na nusu ya wa pili. Fremu ikawa tayari, magurudumu sita makubwa yakakaa kwenye ekseli zake, silinda zikafungwa, na nikifunga bomba la pampu ya baiskeli na kuzijaza hewa, mikono ya pembeni ilikwenda mbele na nyuma bila kukwama. Nilikuwa nimeanza kujisikia fundi. Nikambebea baba magurudumu mawili na ekseli yake, nikamwekea mapajani.

Akayashika. Akaweka vidole vitatu katikati yake, akavitoa, akaviweka tena.

"Umepima wapi?" akauliza.

Nikamwambia nimepima kwenye reli. Na ndivyo nilivyokuwa nimefanya. Reli inapita hapa hapa Tunduma, inatoka Dar inaingia Zambia, na mimi siku moja nilikwenda nikachuchumaa katikati yake na futi yangu mpaka mlinzi akanifokea. Milimita elfu moja na sitini na saba. Nikagawanya kwa ishirini, nikapata hamsini na tatu na ushee. Nilikuwa nimejivunia hesabu hiyo. Nimekulia nchi yenye reli hii, garimoshi la mvuke sijawahi kuliona likitembea, na kwangu mimi reli ilikuwa reli.

"Hiyo ni ya hapa," baba akasema. "Hiyo ni ya Mchina na ya Mzambia. Ya kwetu ni mita kamili. Kichwa chetu ukikileta hapa kinaanguka katikati ya njia."

Mita moja, mgawanyo wa ishirini, ni milimita hamsini. Nilikuwa nimezidisha milimita tatu, na milimita tatu hizo zilikuwa kila mahali: kwenye ekseli, kwenye fremu, kwenye nafasi ya tanuru, kwenye silinda. Lakini siyo hizo zilizonikalisha kwenye benchi. Ni hilo neno lake, kwetu. Kwetu kwake kulikuwa Tabora. Alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema jina la kijiji alikozaliwa, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, wa kwao, na tupa mkononi.

"Tuiache hivyo hivyo?" nikamuuliza. "Nani atajua?"

"Mimi," akasema.

Jioni mke wangu aliniona nafungua skrubu. "Baba watoto, unavunja?"

"Imezidi milimita tatu."

Akaonyesha kidole gumba na cha shahada, akavibana mpaka vikakaribia kugusana. "Hizi?"

"Hizo."

"Mungu aliumba dunia nzima kwa siku sita," akasema, "na hakuna aliyempitishia futi." Kisha akaondoka, na baada ya muda akarudi na kikombe cha chai, akakiweka kwenye benchi. Mpaka leo sijui kwa nini nilirudia kazi ile yote. Mtu mwenye hasira angekitupa kichwa kile kwenye chuma chakavu. Mtu mwenye mapenzi angerudia kwa furaha. Mimi nilirudia kwa sababu mikono ilikuwa pale na chuma kilikuwa pale. Ilinichukua miezi minane.

Katika miezi hiyo baba alianza kupungua. Miguu ilimvimba, akawa hawezi kufika karakana bila kushikwa. Nilimhamishia chumbani pamoja na kiti chake, nikawa nampelekea vifaa kitandani. Alipunguza hadithi, lakini vidole havikupunguza kitu. Vali ya usalama aliikataa mara tatu. "Hii ndiyo itakayotuua," alisema. Ya nne akaikubali kwa kuguna.

Siku tulipokiwasha ilikuwa Jumamosi, mchana, hali ya hewa kavu na upepo wa vumbi. Nilikuwa nimetandika reli ya fito za chuma juu ya mbao uani, mita kumi na moja, upana milimita hamsini. Nikamtoa baba, nikamkalisha kwenye kigoda mwanzo wa mbao, nyuma kabisa ya kichwa, mahali pa faimani. Moto wake ulikuwa bana, kile kichomeo cha stovu, kazi ninayoielewa kuliko zote duniani, nimeibana ikaingia ndani ya tanuru lile dogo. Nikajaza maji, nikamwaga spiriti, nikawasha, nikapampu, ukaanza kunguruma.

Nilitaka kurekebisha. Baba akanisukuma mkono. Akaitafuta ile vali ya mafuta kwa kidole, vali yenye ukubwa wa punje ya mahindi, akaishika, akainamisha kichwa. Aliifunga kidogo. Akangoja. Akaifungua kiasi ambacho mimi sikuona kama imesogea. Mngurumo ukatulia. Tulikaa hivyo dakika kumi na kitu, yeye akisikiliza, mimi nikimtazama. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nimemjua mtu yule maisha yangu yote, kwa wiki mbili mbili, na sura ile nilikuwa sijawahi kuiona. Ilikuwa sura ya mtu aliye nyumbani.

Vali ya usalama ikaanza kufoka. "Mchanga," akasema.

"Mchanga wa nini?"

"Mabomba yana masizi. Tulikuwa tunayasugua kwa mchanga. Lete kidogo."

Nikaokota mchanga mkavu chini, nikamtilia kiganjani. Akauchukua kwa ncha za vidole viwili, akaupitisha kwenye tundu la mlango wa tanuru, na dohani ikatema moshi mweusi, mzito, ukafika usawa wa nguo alizokuwa ameanika mke wangu. Baba akacheka. Mke wangu akaja mbio kuokoa mashuka, akamkuta anacheka, akasimama na mashuka mikononi.

"Fungua sasa," baba akaniambia.

Nikafungua mvuke. Kichwa kikatetemeka, magurudumu yakateleza mara moja, kisha yakashika. Kikaenda. Kilitembea mbao zote, polepole, mikono ya pembeni inapanda na kushuka, na mwishoni nikakidaka na kukirudisha kwa baba, naye akaishika tena ile vali. Mke wangu alipiga kigelegele kimoja, kifupi, halafu akaonekana kuona haya, akaenda kufua upya. Mimi nilikuwa nangoja furaha ije. Nilijiambia itakuja kidogo kidogo, kama maji yanavyochelewa kwenye bomba refu. Nilichokiona wazi ni kwamba kichwa kimekwisha. Hakuna kifaa kingine kilichobaki cha kujenga, kwa hiyo hakuna hadithi nyingine, na katika zote zile hatukuwemo.

Ndipo nikafanya jambo ambalo kwetu halifanywi.

"Baba," nikasema. "Ulipokuwa huko, ulikuwa unatukumbuka?"

Hakushtuka. Mkono wake ulibaki kwenye vali. "Nikwambie kweli?"

"Niambie."

"Hapana." Aliipunguza vali kidogo. "Sikuwa na ubaya na mtu. Nikiwa motoni nilikuwa motoni. Nikishuka nalala. Karani ndiye alikuwa ananiambia likizo yako imefika, nenda kwenu, ndipo najua. Nimekaa gizani huku miaka hii najiuliza kwa nini ilikuwa hivyo. Sijaona sababu. Ilikuwa hivyo tu."

Nilingoja niumie. Nilisikia moto, na maji yanachemka, na mke wangu anasugua mashuka. Nilisikia njaa.

"Na wewe?" akasema. "Ulikuwa unanikumbuka?"

Aliniuliza akiwa amenigeuzia uso wote, macho yake meupe yakiwa yamenipita kidogo, yanatazama begani. Nikaona kwamba ameshikilia pumzi. Na nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba yeye naye alikuwa na swali lake.

Alikuwa ameacha nyumbani koti la mvua la kazini, zito, linanuka mafuta. Nilikuwa nalichukua kwenda nalo kuchunga mbuzi, jua likiwaka, wenzangu wakinicheka. Nilikuwa nalivaa hata likiniburuta. Nililala nalo. Lilipochanika mgongoni nikalala na mikono yake, na mikono ilipokwisha nikabaki na kifungo, na kifungo nilikipoteza nikiwa darasa la sita nikakitafuta siku tatu kwenye majani. Hakuna siku iliyopita bila kumkumbuka.

"Hapana," nikasema. "Hata mimi sikuwa nakukumbuka, baba."

Pumzi ikamtoka. Mabega yakashuka, na mkono wake ukaiacha vali, ukatafuta goti langu, ukalipata.

"Basi hatudaiani," akasema.

Aliishi wiki saba baada ya siku hiyo, na zilikuwa wiki nzuri. Alikula. Alitaniana na mke wangu kuhusu mashuka, alitaka chai ya pili, aliniita kwa jina langu la utotoni ambalo sikujua kama analikumbuka. Alikufa amelala, kwa amani, wote waliomwandaa walisema hivyo. Mke wangu husimulia watu kwamba ni lile garimoshi lililomchangamsha mzee mwishoni, na mimi sijawahi kumrekebisha.